Shangazi, fizi ya shule ya mtoto niliipanda kama mbegu na sasa sina mdomo wa kuomba

Shangazi habari za siku, nakuandikia kutoka Busia, huku kwetu upande wa Uganda, naomba jina langu lisitoke maana hapa mpakani tunajuana wote. Nina miaka 38 na watoto wanne. Mume wangu ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Juba, akitoka ametoka, wiki tatu hujamwona. Mimi nauza mukene, wale dagaa wa ziwani, nachukua kule Majanji kwa wavuvi, naanika, nauza hapa sokoni na wengine wananunua kwa magunia wanavuka nayo Kenya ambako inabadilisha jina inakuwa omena.

Nimelelewa na mama mlokole wa zile siku, wa Kanisa la Uganda, wale wa wimbo wa Tukutendereza. Mama akipiga magoti haombi kitu shangazi. Anashukuru, anatubu, anashukuru tena, amina. Tukiwa wadogo chumvi ikiisha nikisema basi tumwombe Mungu chumvi ananiambia Mungu si duka. Hivyo ndivyo nilivyokua. Sasa nilipohamia mjini jirani akanivuta kanisani kwao, ni miaka mitatu sasa, na pale pasta anafundisha kinyume kabisa, anasema kama huna ni kwa sababu hujaomba, na kama umeomba hujapata ni kwa sababu umeomba kienyeji. Lazima utaje. Usiseme gari, sema Noah rangi ya fedha. Usiseme nyumba, sema vyumba vinne na geti jeusi. Mwezi wa kwanza kila mtu aliandika orodha yake kwenye karatasi tukazipeleka mbele zikaombewa, yangu ina vitu saba, vingine nikikutajia utanicheka lakini cha kwanza ni ploti na cha pili ni baba watoto apate kazi ya karibu awe analala nyumbani.

Halafu ikaja ile Ijumaa. Baba watoto alikuwa ametuma fizi ya kifungua mimba wetu, yuko S.4, yaani kidato cha nne, mwaka wa mtihani, laki saba na nusu. Nilitoa pesa kwa wakala jioni ile ili Jumatatu niiingize benki kwenye akaunti ya shule, na usiku tulikuwa na kesha nikaenda nayo kwenye mkoba kwa sababu nyumbani naogopa wezi. Palikuwa na mhubiri mgeni. Saa nane usiku akasema kuna mama hapa ana pesa mkononi na si ya kwake, Mungu anaitaka aizidishe, ndani ya siku 21 mlango utafunguka. Shangazi nilihisi ananiangalia mimi. Nikatoa laki tano. Nililia nikitoa, na nilifurahi pia, sikudanganyi.

Siku 21 zikaisha. Ile laki mbili na nusu nikasema niizungushe, nikanunua mukene nyingi, nikafunga siku tatu nikamwomba Mungu azuie mvua tu, siku tatu tu, si kitu kikubwa kwake. Mvua ilinyesha kila mchana. Mukene ikabadilika rangi ikaanza kunuka nikaiuza kwa watu wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Mtoto amerudishwa nyumbani, hii ni wiki ya pili. Mume anajua nimelipa. Nilipomwambia pasta akasema labda nilitoa nikiwa na shaka moyoni. Mama sijamwambia, najua atasema si nilikuambia Mungu si duka.

Sasa ni dhambi kumwomba Mungu vitu? Au ni imani yangu ndogo? Tangu hapo nikipiga magoti mdomo unafunga, nasema Baba yetu uliye mbinguni, nafika pale pa riziki, nasimama hapohapo siendelei.

Mama wa wanne, Busia

*

Mama wa wanne, barua yako nimeisoma mara mbili na katikati nilisimama nikachemsha chai, maana pale kwa yule mhubiri mgeni nilikuwa nakaribia kuandika maneno ambayo shangazi wa umri wangu hapaswi kuandika. Sasa nimetulia. Kidogo.

Nianze hapo uliposimama. Unasema unafika kwenye riziki mdomo unafunga. Lakini angalia hiyo sala imekaaje binti yangu. Wanafunzi walimwambia Yesu tufundishe kusali, akawapa maneno machache sana, na katikati ya hayo machache, baada ya ufalme na mapenzi ya Mungu, kabla hata ya kusamehewa dhambi, akaweka chakula. Utupe leo riziki yetu. Angekuwa anaona aibu ya mambo ya tumbo si angekiweka mwisho au angekiacha kabisa? Kwa hiyo swali lako la kwanza limeshajibiwa na sala uliyoikariri ukiwa mtoto: si dhambi kumwomba Mungu vitu. Chumvi inaombwa. Mvua izuiwe, inaombwa. Hata ploti.

Na sisi lugha yetu imetusaidia. Kiswahili kina neno moja: unaomba Mungu, unaomba maji, unaomba msamaha, unaomba lifti. Kiganda ni hivyohivyo, kanisani ni okusaba na mtoto wako akishikwa na kiu anakuambia nsaba amazzi, ni kitenzi kilekile, hajui kama amesali. Na akisema hivyo hajaandaa kitu, hajafunga siku tatu, hajakupa pesa kwanza, anajua wewe ni mama na mtungi uko pale. Wakati mwingine unampa. Wakati mwingine unamwambia ngoja hayo hayajachemshwa, na analia, na bado kesho akishikwa na kiu anakuja kwako wewe, haendi kwa jirani.

Lakini neno hilohilo la maombi linatumika na ofisini. Barua ya maombi. Unaandika, unaambatanisha nakala ya cheti, picha mbili za pasipoti, risiti ya malipo, na kikikosekana kimoja faili lako halitoki mezani, tena ukiuliza unaambiwa kosa ni lako, hukujaza vizuri. Huko ndiko mlikopelekwa, mama. Orodha, rangi ya gari, geti jeusi, ada ya laki tano, muda wa kusubiri siku 21, na mwisho unaambiwa fomu yako ilikuwa na shaka. Hiyo ni kaunta imewekewa madhabahu, na mtu akiizoea hiyo lazima siku moja mdomo ufunge, maana nani anaongea na kaunta kutoka moyoni?

Sasa huyu mgeni na unabii wake. Kuna mama hapa ana pesa na si ya kwake. Hebu jiulize, kesha la Ijumaa, wakati wa shule, hema limejaa akina mama, ni mama gani pale hakuwa na fizi ya mtoto kwenye mkoba au kwenye simu? Mimi mwenyewe siku hiyo ningeweza kutabiri hivyo na nisingekosea. Ulihisi anakuangalia wewe, na nina hakika wapo wengine kumi waliohisi hivyo hivyo na mpaka leo kila mmoja anaficha kwa mume wake.

Na alisema kweli, pesa haikuwa ya kwako. Ilikuwa ya mtoto. Hili si mimi nalitunga, lisome mwenyewe kwenye Marko sura ya saba. Palikuwa na desturi, mtu anasema mali hii ni Korbani, maana yake nimeiweka wakfu kwa Mungu, na akishasema hivyo wazazi wake wazee hawapati kitu kutoka kwenye hiyo mali na dini inamuunga mkono. Yesu aliwajia juu kwelikweli, akawaambia mnalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yenu. Tafakari, watu wanatoa kwa Mungu na Mungu anasema sikuwatuma, hiyo ilikuwa ya mzazi wako. Ya mzazi au ya mtoto, ni nyumba ileile. Mimi naona hivi: ulikuwa unaomba mlango ufunguke na mlango ulikuwa umeshafunguka, dereva wa lori kule Juba alikuwa amekula chakula cha bei rahisi mwezi mzima ikapatikana laki saba na nusu ikaingia kwenye simu yako. Hayo ndiyo yalikuwa majibu ya maombi, yakiwa yamekaa kwenye mkoba. Sisemi hivi kukuumiza, umeshaumia ya kutosha, nasema kwa sababu naona bado unangoja majibu yaje kutoka pale ulipoyapeleka.

Kuhusu imani ndogo. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu maneno hayo yamewaumiza wengi, mimi mmoja wao. Mume wangu alipougua niliomba, nilifunga, nililala kwenye sakafu ya kanisa, na alikufa. Na mwanamke mmoja mwenye Biblia kubwa alinishika bega matangani akaniambia kama ungeamini zaidi. Mpaka leo yule mama nikimwona njiani nabadilisha upande, Mungu anisamehe.

Kwa hiyo pasta wako anasema ulitoa ukiwa na shaka. Sawa. Yuko baba kwenye Marko tisa aliyemleta mwanawe mwenye pepo, akamwambia Yesu kama unaweza, yaani KAMA, halafu akaongeza naamini, nisaidie kutokuamini kwangu. Shaka mbele ya kadamnasi, hata hakuificha. Mtoto aliponywa. Halafu mgeukie Paulo ambaye nadhani hakuna pasta atakayemwambia ana imani ndogo, alimwomba Bwana mara tatu mwiba umtoke na akaambiwa neema yangu yakutosha, mwiba ukabaki. Yesu mwenyewe Gethsemane aliomba kitu na akakitaja, kikombe hiki kiniepuke. Hakikumwepuka. Sasa tutasema na yeye aliomba kienyeji?

Na sisi Waganda (nisamehe, wewe ni wa Busia lakini kwenye hili sote ni Waganda) tuna la kwetu. Kila tarehe 3 Juni watu wanajaa Namugongo, pale kwa Mashahidi wa Uganda, wengine wametembea kwa miguu siku nyingi, wametoka mpaka nje ya nchi, kila mmoja na ombi lake, huyu mtoto, huyu viza, huyu saratani, wanachota maji wanabeba kwenye vichupa. Mimi pia nimewahi kubeba, silaumu mtu. Lakini hao tunaokwenda kuwaomba watuombee ni watu gani? Ni Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, wengi wao vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, waliuawa kati ya 1885 na 1887, na wengi wao walichomwa moto palepale tarehe 3 Juni 1886. Walikuwa wanasali mpaka dakika ya mwisho, na moto haukuzimika. Mtu aje Namugongo asimame kwenye kipaza sauti aseme kina Karoli Lwanga walikosa mlango kufunguka kwa sababu ya shaka, tuone kama atamaliza sentensi.

Mvua sasa. Hapo kwenye mvua nilicheka na kuhuzunika pamoja. Wewe uko Busia unafunga ili jua liwake mukene ikauke, na nyuma ya nyumba yako kuna mama mwingine amepanda mahindi na maharagwe naye amefunga ili inyeshe. Wote wawili wameokoka. Labda mko kwaya moja. Sijui Mungu anafanyaje hesabu hizo na simuonei wivu kazi yake, ila najua mvua kunyesha kwenye mukene yako si barua ya adhabu iliyoandikwa jina lako. Iliwanyeshea na wavuvi wa Majanji wote.

Kwa mama yako, usimuogope. Na usifikiri alikosea yote. Unajua hao walokole wake walitoka wapi? Mwaka 1929 pale Namirembe, kilima cha kanisa kuu Kampala, Mganda mmoja Simeoni Nsibambi alikutana na daktari mmoja Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa anafanya kazi Gahini kule Rwanda, na daktari alikuwa amechoka kabisa amekata tamaa, wakakaa pamoja siku mbili na Biblia wakisoma na kusali. Hawakuandika Noah. Kutoka hapo na miaka iliyofuata uamsho ukashika Rwanda, Uganda, ukavuka Kenya na Tanganyika, na kilichowatambulisha watu wake hakikuwa kupata vitu, kilikuwa kurudisha. Mtu aliyeiba jembe la jirani analirudisha, aliyemdanganya bwana wake anakwenda anasema. Jambo hilo waliliita kutembea nuruni. Mama yako amekulia kwenye harufu ya hayo, ndiyo maana kwake maombi ni kushukuru na kutubu. Alipokosea labda ni kwenye chumvi tu. Angekuacha uombe chumvi ukiwa na miaka saba, pengine usingeangukia kwa watu wanaokufundisha kuomba geti ukiwa na miaka 35.

Na hiyo nuru ya mama yako ndiyo unayoihitaji wiki hii, maana nimeona kwenye barua umeandika "mume anajua nimelipa" halafu ukaruka haraka ukaenda kwa pasta. Hapo ndipo mdomo wako ulipofungiwa, naona. Siamini ni Mungu amekuziba. Ni vigumu sana kusema utusamehe makosa yetu wakati simu ya mume ikiita unaweka sauti ya kawaida unasema mtoto yuko shule.

Mpigie. Ngoja awe amepaki, usimwambie akiwa barabarani, na usimtumie meseji. Anza na namba, laki tano nilitoa kanisani, laki mbili na nusu nilinunua mukene ikaharibika, mtoto yuko nyumbani wiki ya pili. Usianze na "unajua shetani", tafadhali, shetani tumwache nje ya simu hiyo. Atafoka, ana haki. Mwache afoke, usikate, na usimtetee mhubiri. Ukingoja mtoto ndiye amwambie, na atamwambia, hapo hutakuwa na neno.

Pasta wako mwendee na mtu mmoja mnayeheshimiana, siku ya kawaida, si Jumapili, umwambie kwa adabu ile pesa ilikuwa fizi na mtoto yuko nyumbani, naomba kanisa linirudishie au linisaidie. Kuomba ni kuomba, si ndiyo alifundisha utaje? Taja: laki tano, za kuingiza benki kwa jina la mtoto. Mimi sina matumaini makubwa, mgeni huwa anaondoka na bahasha, lakini kuna wachungaji wana moyo na ukinyamaza hatajua. Akikujibu kwa mahubiri, utakuwa umejua unachohitaji kujua kuhusu Jumapili zako. Kama una kikundi cha akiba na akina mama wa soko kopa pale hata kidogo, riba yao inaeleweka na wanakujua. Wale wa kukopesha haraka wanaoshika kitambulisho chako cha taifa usiwasogelee hata kwa salamu.

Ile karatasi ya vitu saba usiichanie mbali. Kaa nayo usiku mmoja watoto wakilala. Hiyo namba mbili, mume alale nyumbani, binti yangu hilo ni ombi zuri mpaka nimelisoma kwa sauti, na wala sikucheka. Endelea nalo. Ploti, omba. Hayo mengine uliyoona aibu kunitajia, kama ulichukua kutoka kwa mdomo wa pasta mrudishie ni ya kwake. Halafu piga magoti, na ukifika pale pa riziki ukisimama tena usijilazimishe kumalizia, sema tu fizi. Sema kama mwanao anavyosema maji. Kama machozi yanakuja na hasira inakuja sema na hasira, kuna zaburi nzima za watu wanaomuuliza Mungu mpaka lini utanisahau na hakuna aliyezitoa kwenye Biblia.

Na Jumatatu usingoje laki saba ikamilike. Nenda na hata laki moja na slipu ya benki, mwone mwalimu mkuu mwenyewe, mwambie ukweli, mwambie tarehe ambayo utaleta nyingine na iwe tarehe ya kweli, mtoto wa S.4 shule nazo hazipendi kumpoteza mwaka wa mtihani. Nenda na mtoto akiwa amevaa sare na sanduku lake tayari, ili jibu likiwa ndiyo asirudi nyumbani kuchukua kitu. Fika mapema. Kabla mzazi mwingine hajamkasirisha.